Kwa Nini Wazee wa Moro Hawaisahau Mseto

Kaa kijiweni na wazee wa Mji Mpya au Mafiga, halafu taja mpira. Dakika tano haziishi kabla hujaambiwa kwamba vijana wa siku hizi hamjui kitu. Utatajiwa Mseto, Reli na Tumbaku. Sisi wanachuo wenye jezi za Simba na Yanga huwa tunacheka tu. Ila tujue kwanza wanacholilia.

Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Tangu ligi ianze mwaka 1965, kombe lilikuwa halijatoka Dar es Salaam: Sunderland (ndiyo Simba ya leo), Cosmopolitan na Yanga walikuwa wanapokezana wenyewe. Mseto ndio waliolileta huku chini ya Uluguru.

Mwaka huohuo, West Indies walishinda Kombe la Dunia la kwanza la kriketi kwa wanaume. Mashabiki wao nao hadi leo wanazikumbuka enzi za Clive Lloyd na Viv Richards kama msiba usioanuliwa matanga. Lakini wao wana cha kuhesabu: kwa miaka 15, kuanzia 1980 hadi 1995, hawakupoteza hata mfululizo mmoja wa mechi za siku tano. Mseto ilibeba ubingwa mara moja, basi. Sasa mbona kombe moja lina uzito hivi?

Ukiwauliza wazee, watakuambia zamani watu walicheza kwa moyo, leo wanacheza kwa pesa. Hapo ndipo pa kubishana nao kwa adabu. Majina ya Reli na Tumbaku yanajieleza: nyuma ya timu kulikuwa na kazi. Mchezaji aliyeshangiliwa Uwanja wa Jamhuri Jumamosi, Jumatatu alikuwa kazini na waliomshangilia. Pesa ilikuwepo, ila ilipitia kwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Miaka ya 1990 viwanda na mashirika ya umma yalipouzwa au kufungwa, timu nazo zikakosa mlezi. Kwa hiyo mzee anayeililia Tumbaku analilia pia ajira, na mji uliokuwa na uhakika wa kesho.

Ushahidi upo Turiani. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ilichukua ubingwa mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo, ni Azam pekee, mwaka 2014, walioweza kuwapokonya Simba na Yanga kombe hilo, na Azam nao wana kampuni nyuma yao. Mtibwa wenyewe walishuka daraja mwaka 2024, wakapanda tena mwaka uliofuata. Moyo peke yake haulipi nauli ya timu kwenda Bukoba.

Hii inatuhusu. Aliyekuwa na miaka 15 Mseto ilipotwaa kombe, leo amepita 60, na mengi anayoyajua hayajaandikwa popote. Ukimpata, usimuulize nani alifunga tu. Muulize nani alilipa mishahara, timu ilisafiri na nini, na mchezaji alipoumia nani alimtibu. Majibu hayo ndiyo yatakayotuonyesha timu ya mkoani inahitaji nini ili iwe bingwa tena. Kuwalaumu vijana kwamba hawana moyo hakujawahi kuleta kombe Moro.