Betri Chakavu na Mbegu za Mume

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na jiko la mkaa lililopepewa vizuri hulifikia joto hilo. Ndiyo maana mtu wa vyuma chakavu, awe Temeke au Tandale, hahitaji tanuri. Betri ya gari inapasuliwa kwa nyundo, tindikali inamwagwa kando, sahani za risasi zilizo ndani zinatumbukizwa kwenye sufuria kuukuu, na kinachoyeyuka kinamiminwa kuwa chubwi za wavuvi. Jioni vumbi la kazi linarudi nyumbani kwenye suruali, nayo inafuliwa beseni moja na kanga za mama watoto.

Katika nyumba kama hiyo, miaka ikipita bila mimba, anayeulizwa kwanza ni mke. Mawifi wananong'ona, mizizi inachemshwa. Mume hupimwa mwisho, tena akikubali. Wakati huohuo madaktari wanajua kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, kasoro ya mume imo, iwe peke yake au pamoja na ya mke.

Utando wa mbegu ya kiume una mafuta mengi ya jamaa ya yale ya alizeti, na ndani yake nafasi ya vimeng'enya vya kujilinda ni finyu mno. Chupa ya alizeti ikiachwa wazi juani, mafuta huchacha kwa kushambuliwa na oksijeni. Mbegu nayo huharibika kwa njia hiyohiyo. Mwili wenyewe huzalisha molekuli kali za oksijeni, na mbegu huzihitaji kidogo ili irutubishe yai. Risasi huvuruga kipimo hicho. Huing'ang'ania glutathioni, mlinzi mkuu wa seli, ikashindwa kazi yake. Mkia unalegea, vinasaba vinakatika, na mbegu iliyokomaa haiwezi kujikarabati.

Haya si mageni. Mwaka 1975 watafiti wa Romania walichapisha matokeo ya wafanyakazi 150 waliokaa muda mrefu karibu na risasi: mbegu zilikuwa chache, zenye maumbo mabaya na mwendo wa kusuasua. Jirani hapo Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walioishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri walilalamikia mimba kuharibika na watoto kuugua. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwetu nguzo za umeme zimejaa namba za wauza dawa za nguvu za kiume. Nguvu ni jambo jingine kabisa. Mtu aweza kuwa simba chumbani na mbegu zake zisifike popote. Hata vidonge vya kuikabili oksijeni hiyo kali, vyenye vitamini C, E na seleni, vilipojaribiwa Marekani, matokeo yakatolewa mwaka 2020, havikuzidi vidonge bandia.

Mbegu hutengenezwa kwa takriban siku 74, kwa hiyo kipimo cha leo kinasoma kazi ya miezi mitatu iliyopita. Anayeacha kuyeyusha betri huanza kupata nafuu, ila polepole, kwani risasi hutoka kwenye damu kwa wiki kadhaa lakini hukaa mifupani miaka mingi. Kwa mwanamke, mimba huinyonya mifupa yake chokaa, na risasi iliyojificha humo huifuata hadi kwa mtoto. Dagaa, maziwa na maharage, vyenye chokaa na madini ya chuma, hupunguza risasi inayofyonzwa tumboni. Iliyokwisha kuingia mfupani haviigusi.