Mofini, kodeini na kuvimba kwa kongosho

Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Hutengeneza insulini na majimaji makali ya kusaga chakula. Likivimba ghafla, majimaji hayo huanza kulishambulia lenyewe. Maumivu hukaa sehemu ya juu ya tumbo, hupenya hadi mgongoni, na mgonjwa hutapika bila kupata nafuu. Kwa watu wazima visababishi vikubwa ni pombe na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ujauzito huongeza uwezekano wa kupata mawe hayo. Watoto hupata ugonjwa huu kwa nadra, kwa mfano baada ya kugongwa tumboni na usukani wa baiskeli.

Hospitalini mgonjwa wa namna hii anaweza kuandikiwa mofini au pethidini, dawa za jamii ya afyuni. Hapo ndipo ndugu husita: si itamdhuru kongosho?

Hofu hiyo ina asili yake. Mrija wa kongosho na ule wa nyongo humwaga ndani ya utumbo kupitia kilango kidogo chenye msuli. Dawa za jamii ya afyuni huweza kuubana msuli huo, na majimaji yakakosa njia. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kuepuka mofini na kutumia pethidini. Hata hivyo, hakuna ushahidi mzuri kwa wagonjwa kwamba mofini ni mbaya zaidi, na pethidini ikitumika kwa muda mrefu mabaki yake yanaweza kuleta degedege.

Mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio matano yenye wagonjwa 227. Waliopewa dawa za jamii ya afyuni hawakuonekana kupata madhara makubwa zaidi ya ugonjwa kuliko waliopewa dawa nyingine za maumivu. Idadi hiyo ni ndogo, lakini ni ya binadamu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mofini ilizidisha ugonjwa kwa panya na kuchelewesha kongosho kupona. Huko Denmark wakajaribu kwa wagonjwa dawa inayozuia kazi ya afyuni nje ya ubongo, wakitumaini ugonjwa ungepungua ukali. Haukupungua. Kwa hiyo usikatae dawa ya maumivu wodini kwa sababu ya habari za panya.

Wapo wanaopaswa kujihadhari kweli: waliotolewa mfuko wa nyongo. Kwao kodeini imewahi kuamsha maumivu makali na hata kuvimba kwa kongosho. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu eluksadolini, dawa ya kuharisha inayofanya kazi kama afyuni kwenye utumbo. Kati ya wagonjwa 68 walioripotiwa kupata matatizo na ambao hali ya mfuko wao wa nyongo ilijulikana, 56 hawakuwa nao. Mama, kama ulifanyiwa upasuaji huo, hata kama ni miaka kumi iliyopita, mwambie kila anayekuandikia dawa. Kovu dogo la tumboni halimwelezi daktari ulitolewa nini.

Nyumbani ni habari nyingine. Tumbo likiuma hivyo, usimpe mgonjwa kodeini au tramado iliyobaki kabatini; mpeleke hospitali. Dawa hizo mbili hazifai kwa mtoto aliye chini ya miaka 12, na hazishauriwi kwa mama anayenyonyesha, kwa sababu hupita kwenye maziwa na zinaweza kumpunguzia mtoto pumzi.

Mgonjwa akiwa wodini anatumia mofini, kaa naye karibu. Kukosa choo na kuwashwa ngozi ni kawaida, mweleze muuguzi. Akilala usingizi mzito usioamshika, au akianza kupumua polepole mno, usisubiri zamu ibadilike. Ita muuguzi hapo hapo.