Kabla ya namba, mtoto ajue kulinganisha

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WAZAZI wengi wa mijini hupima maendeleo ya mtoto wa darasa la awali kwa daftari lake: ameandika namba ngapi na anahesabu hadi ngapi. Hata hivyo, kutaja namba kwa mfululizo si sawa na kuzielewa. Msingi wa kuzielewa hujengwa kwa kazi inayoonekana kama mchezo tu, yaani kulinganisha vitu na kuvipanga katika makundi.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget (1896-1980), alilibainisha jambo hilo kwa majaribio ambayo mzazi yeyote anaweza kuyarudia. Safu mbili za kokoto tano tano zikipangwa sambamba, mtoto wa miaka mitano hukubali kuwa ziko sawa. Safu moja ikitanuliwa mbele ya macho yake bila kuongezwa hata kokoto moja, watoto wengi wa umri huo husema iliyo ndefu ndiyo yenye nyingi. Hata anayejua kuhesabu huweza kujibu hivyo, kwa kuwa bado hajatenganisha urefu na idadi.

Hatua kwa hatua

Kulinganisha huanza na vitu viwili na sifa moja: kijiti hiki ni kirefu kuliko kile. Mtoto akimudu, huongezwa kijiti cha tatu, naye akavipanga kuanzia kifupi. Hapo hugundua kwamba kile cha kati ni kirefu kwa kimoja na kifupi kwa kingine.

Kwa uzito, Kanda ya Ziwa ina vifaa tele. Fungu kubwa la pamba likiwekwa mkono mmoja na jiwe dogo mkono wa pili, mtoto hujionea kwamba kikubwa si lazima kiwe kizito. Fimbo iliyofungwa kamba katikati, ikaning'inizwa na kopo kila ncha, hutosha kuwa mizani.

Kisha huja makundi. Vizibo vya chupa hutengwa kwa rangi, halafu vizibo hivyo hivyo huchanganywa na kutengwa upya kwa ukubwa. Hatua hii ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu inamtaka mtoto aache kigezo alichokwisha kukishika na kutafuta kingine.

Mwalimu hana sababu ya kuharakisha kusema "umekosea". Swali lenye faida ni "Kwa nini umeviweka pamoja?" Mtoto aliyeweka kijiko na kikombe kundi moja huenda akajibu kuwa vyote ni vya chai. Huyo ana kigezo, na anaweza kukieleza.

Somo lililo mwaloni

Wakazi wa Mwanza huishi na somo hili kila siku. Katika soko la Kirumba Mwaloni, dagaa safi hutengwa na walioshika mchanga, ambao huishia kuwa chakula cha kuku. Sato na sangara hutengwa kwa ukubwa, na Kanuni za Uvuvi zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimeta 50 na sato aliye chini ya sentimeta 25. Kwa mvuvi, kulinganisha vibaya kunaweza kumfikisha mahakamani.

Nyumbani, mtoto anaweza kutenga vijiko na uma, kuoanisha soksi, au kupanga nyanya kwa ukubwa mama anapotayarisha mafungu.

Tahadhari

Makombe ya konokono ni kifaa kizuri cha kupangia makundi, lakini watoto wasitumwe kuyaokota majini. Kichocho kimeenea katika mwambao wa Ziwa Victoria, na vimelea vyake, vinavyotoka kwa konokono wa majini, humwingia mtu kupitia ngozi anapogusa maji hayo. Yatumike yaliyokauka nchi kavu na kusafishwa. Aidha, punje za mahindi na shanga zisiachwe mikononi mwa watoto wadogo bila uangalizi, kwani huishia puani, masikioni au kooni.

Msongamano na lugha

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na Januari 2016 utekelezaji wa elimu bila ada ukaanza. Watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani waliingia shuleni, na madarasa yakafurika. Katika darasa la namna hiyo, vikundi vya watoto watano au sita, kila kimoja na kopo lake la vizibo, humpa kila mtoto nafasi ya kushika na kupanga mwenyewe.

Lugha nayo ina uzito wake. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma au Kikerewe anaweza kutambua vema jiwe lililo zito, akakosa neno la Kiswahili la kulitaja. Kumhesabu kuwa hajui ni kumwonea. Aruhusiwe kwanza kuonyesha kwa mkono, kisha afundishwe maneno "kuliko", "zaidi ya" na "sawa na", pamoja na upatanisho wake: jiwe kubwa, kijiti kikubwa, mti mkubwa.

Kwa hiyo, mzazi anayetaka kujua mwanawe amefikia wapi ampe vizibo kumi, amwombe avigawe makundi mawili, kisha amuulize sababu. Mtoto anayeweza kujibu atakapokutana na 7 na 9 katika darasa la kwanza, hatakariri tu ipi ni kubwa, bali ataweza kueleza kwa nini.