Ukirudi kutoka msitu wa Ulaya, mweleze daktari wako

Je, msomaji, unao jamaa Ujerumani waliokualika likizoni? Basi huenda wakakupeleka msituni kwa draisini, yaani gari dogo la magurudumu manne linalopita juu ya reli kwa nguvu za miguu. Watu wawili hukanyaga pedali kama za baiskeli huku wenzao wameketi kwenye benchi. Jina hilo latokana na Karl Drais, Mjerumani aliyebuni mwaka 1817 chombo kilichotangulia baiskeli. Kaskazini ya Berlin, kwa mfano, reli ya zamani iliyounganisha miji ya Fürstenberg, Lychen na Templin, umbali wa takriban kilomita 30, iligeuzwa kuwa njia ya magari haya, ikipita kwenye misonobari na maziwa.

Kwa afya, zoezi hili ni jema. Gurudumu la chuma huenda kwa wepesi juu ya reli ya chuma, kwa hivyo mahali tambarare hutachoka upesi. Kazi huwa kubwa unapoanza kuondoka na penye mwinuko. Kipimo ni rahisi: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, moyo wako unafanya kazi ya kadiri. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za kazi kama hiyo kila wiki. Ukiumwa na kifua ama kushikwa na kizunguzungu, acha mara moja na utafute msaada.

Hata hivyo, reli ni moja tu. Draisini mbili zikikutana, moja huinuliwa na kuwekwa kando. Inueni kwa pamoja, mkikunja magoti wala si mgongo. Na hapo ndipo mnapokanyaga majani, makao ya kupe.

Baadhi ya kupe wa misitu hiyo hubeba bakteria aina ya Borrelia, ambao huleta ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu na uingize ncha zake ndani ya soksi. Jioni jikague mwili mzima, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kinenani. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumkunja. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa moto.

Kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, alama ya duara inayopanuka yaweza kutokea. Picha nyingi huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi, wekundu huo huenda usionekane; pengine utaona rangi ya kahawia ama zambarau, kama pahali palipovilia damu. Wagonjwa wengine hawapati alama yoyote, ila homa, uchovu na maumivu ya kichwa na viungo.

Ukirudi nyumbani na homa, sisi madaktari hufikiria malaria kwanza, na ni sawa upimwe. Lakini usinyamaze: tuambie ulikuwa msitu upi na lini. Ugonjwa wa Lyme ukigunduliwa mapema hutibika kwa dawa za kuua bakteria. Ukiachwa, waweza kudhuru viungo, neva za uso na hata moyo.

Furahia safari, lakini kagua soksi zako.