Malale Tabora: Kwa nini vidonge vilichelewa miaka zaidi ya 70?

Mrina asali wa Urambo au Kaliua akiingia porini, ndorobo wanamsubiri. Akiumwa na mwenye vimelea vya malale, huanza homa na kichwa kuuma, baadaye ubongo unashambuliwa. Asipotibiwa anakufa, na kwa aina ya malale iliyopo Tanzania ni suala la miezi tu.

Mapori haya yako kwenye njia ya zamani ya misafara, Tabora hadi Ujiji. Kinga ya Waingereza enzi za ukoloni ilikuwa kuhamisha watu: familia zilitolewa kwao zikapangwa kwenye makazi mapya. Wenyewe hawakuulizwa. Mashamba yaliyoachwa yakageuka pori, na ndorobo anapenda pori.

Tiba je? Tangu 1949, ugonjwa ukishafika ubongoni, mgonjwa alidungwa melasoproli, sindano yenye aseniki. Ndiyo, ile sumu. Karibu mgonjwa 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Nafuu haikutafutwa haraka kwa kuwa wagonjwa ni Waafrika maskini wa vijijini, soko lisilolipa. Ubaguzi wa namna hii hauhitaji daktari mbaya.

Utafiti uliofanyika Malawi na Uganda ndio umeleta vidonge vya feksinidazoli, vya kumeza siku 10. Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza kwa aina hii mwaka 2024.

Kinga sasa ni vitambaa vya bluu na vyeusi vyenye sumu ya wadudu, na kuogesha ng'ombe. Vitambaa vining'inizwe wapi? Mrina asali anajua ndorobo wanauma wapi na msimu gani.