Kipimo cha Dawa Inayodungwa Kwenye Shina la Mti

Kiasi cha dawa ya wadudu inayodungwa ndani ya shina hutegemea unene wa shina lenyewe. Njia hii imeenea Marekani na Kanada katika kuokoa miti ya ashi, ambayo ni ya jamii moja na mzeituni. Adui wake ni mbawakavu wa kijani, Agrilus planipennis, mwenye asili ya Asia Mashariki, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 na ambaye ameua mamilioni ya miti. Mabuu wake hula chini ya gome na kukata njia za chakula na maji. Kwa kuwa wamejificha huko, dawa ya kupulizia haiwafikii.

Dawa inayotegemewa zaidi ni emamektini benzoeti. Fundi hutoboa matundu madogo kuzunguka sehemu ya chini ya shina, kisha huisukuma dawa ndani. Maji yanayopanda kutoka mizizini huibeba hadi kwenye matawi na majani. Dozi moja sahihi hulinda mti kwa miaka 2, pengine 3.

Hesabu huanza kwa kupima mzingo wa shina kwenye kimo cha kifua, yapata mita 1.3 kutoka ardhini. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 hupatikana kipenyo. Shina lenye mzingo wa sentimita 157 lina kipenyo cha sentimita 50. Ikiwa lebo inaagiza mililita 2 kwa kila sentimita ya kipenyo, mti huo unahitaji mililita 100. Matundu yakiachana kwa sentimita 15 hivi, yatakuwa 10, na kila moja litapokea mililita 10. Mgawanyo huo una maana kubwa, kwani dawa hupanda zaidi kwa kunyooka kuliko kusambaa pembeni. Upande usiotobolewa huweza kubaki bila kinga.

Miti minene ina hesabu yake. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, eneo la mkato wa shina huongezeka mara nne, na matawi ya kulindwa huwa mengi zaidi. Ndiyo maana lebo huweza kuagiza kiwango kikubwa zaidi kwa kila sentimita kadiri mti unavyonenepa.

Dozi pungufu huwaacha mabuu hai, huku mti ukiwa umeshatobolewa bure. Dozi iliyozidi huweza kuunguza tishu za mti, hupoteza fedha na huvunja masharti ya lebo.

Hata kipimo sahihi huhitaji wakati sahihi: majani yawe yamechanua na udongo uwe na unyevu, kwa sababu mti wenye kiu huivuta dawa polepole. Mti uliokwisha kupoteza zaidi ya nusu ya majani yake kwa kawaida hauokoki, kwa kuwa njia za kuisafirisha dawa zimeshaharibiwa.