Siku ya basi kutoka Saigon hadi Phnom Penh

KATIKA ratiba ya ziara yetu, siku hiyo ilikuwa imeandikiwa maneno matatu tu: Siku ya safari. Jana yake kulikuwa na makavazi, na kesho yake kasri la mfalme. Lakini siku ya kutoka mji wa Ho Chi Minh nchini Vietnam, ambao wenyeji wengi wangali wanauita Saigon, hadi Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ilionekana kama pengo la kujazwa kwa usingizi.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 230, karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Mtito Andei. Hata hivyo, huchukua saa sita au zaidi, kwani mpaka uko katikati.

Hata kabla ya basi kuchomoka katika msongamano wa pikipiki, utingo alipita akikusanya pasipoti na pesa za viza. Mwalimu mstaafu tuliyekuwa tumeketi naye aliukumbatia mkoba wake.

"Mwanangu, tangu lini mtu akampa utingo pasipoti?" aliniuliza.

"Ndio desturi ya hapa, mzee," nikamjibu, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi.

Kiongozi wetu alieleza kwamba pasipoti za basi zima hupelekwa kwa pamoja, na kwamba ada rasmi ya viza ya utalii ni dola 30. Kinachozidi hapo ni cha utingo. Mzee akatoa yake shingo upande, lakini macho hayakubanduka kwenye kile kifurushi. Kwa kuwa yeye hakulala, nami sikulala.

Ndiyo sababu tulikiona kibao cha Trang Bang. Ni katika barabara hii, tarehe 8 Juni 1972, ilipopigwa ile picha ya Kim Phuc, msichana wa miaka tisa, akikimbia uchi na kulia baada ya ndege za Vietnam Kusini kuangusha mabomu ya napalm. Nyuma yetu watu walikuwa wakikoroma.

Mpakani Moc Bai tuliteremka na mizigo yetu, tukaitwa mmoja mmoja. Jina la mzee lilitamkwa kwa namna ambayo mamaye asingelitambua, lakini pasipoti ilikuwa yake. Ng'ambo, mjini Bavet, ni majumba ya kamari yaliyofuatana. Baada ya hapo ni mashamba ya mpunga hadi upeo wa macho, yamesimamiwa na miti mirefu iliyo jamaa ya mivumo ya pwani yetu. Wakambodia huigema na kupika sukari.

Kisha Neak Loeung, kwenye mto Mekong. Hadi mwaka wa 2015 magari yalivuka hapa kwa feri, na anayeijua Likoni hahitaji maelezo: foleni, jua, na wachuuzi madirishani. Tofauti ni kwamba hapa waliuza pia nyenje wa kukaanga. (Wala kumbikumbi wasicheke!) Mwaka huo daraja la Tsubasa, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa. Lina urefu wa zaidi ya kilomita mbili, nasi tulilivuka kwa dakika chache.

Mji ulio chini yake ulishambuliwa kwa makosa na ndege ya Marekani aina ya B-52 tarehe 6 Agosti 1973. Watu 137 waliuawa na 268 wakajeruhiwa. Marekani ilikuwa ikiunga mkono serikali ya Kambodia, na waliopigwa walikuwa wanajeshi wa serikali hiyo hiyo pamoja na jamaa zao.

Mzee aliposikia hayo aligeuka kutazama nyuma, lakini mto ulikuwa umekwisha potea.

Tuliposimama kula, alilipa kwa dola na kurudishiwa chenji kwa riel. Noti moja ya riel 500 ilikuwa na picha ya daraja lile. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja na kuitia ndani ya pasipoti yake.

"Hii siitumii," alisema.